Nani Alimpikia Mpagazi? Historia ya Mama Lishe, Kilosa na Mikumi

Mwanafunzi wa chuo kikuu akiulizwa historia ya Kilosa, hutaja njia ya misafara, reli ya Wajerumani na mashamba ya mkonge. Hakosei. Lakini maelfu ya watu waliopita na kufanya kazi katika njia hiyo, reli hiyo na mashamba hayo walikula kila siku. Walikula nini? Nani aliwapikia? Na aliyepika alipata nini? Maswali haya huonekana madogo, ya jikoni. Hoja ya makala haya ni kwamba ni maswali ya siasa, na kwamba majibu yake yanagusa uamuzi unaofanywa leo na halmashauri zetu kuhusu mama lishe wa stendi na wa stesheni.

Tuanze na mto. Bonde la Mkondoa lilikuwa mlango wa kuingilia milima ya Usagara kwa misafara iliyotoka pwani. Burton na Speke walipita huko mwaka 1857. Stanley alipita mwaka 1871 akimtafuta Livingstone. Vitabu vimewahifadhi kwa majina. Wapagazi wao, na wale wa misafara mikubwa zaidi ya pembe za ndovu, ambao wengi walikuwa Wanyamwezi, wamebaki kuwa idadi ya vichwa na mizigo. Mpagazi alilishwa kwa posho: kwa kawaida kibaba kimoja cha nafaka kwa siku, au kitambaa cha kununulia chakula njiani. Jioni wapagazi waligawanyika makundi makundi, kila kundi na chungu chake. Baadhi walisafiri na wanawake, ambao mchana walibeba na jioni walipika. Upande wa pili wa biashara hiyo walikuwepo wakulima wa Usagara na Ukaguru, waliouza nafaka na kunde kwa wageni hao.

Kwa hiyo kumlisha msafiri ni biashara kongwe katika eneo hili, kongwe kuliko reli, kongwe hata kuliko jina la Tanganyika. Na neno posho halijafa. Mtumishi wa umma anayesaini posho ya safari leo analitumia neno la mpagazi, ingawa yeye hapimiwi kwa kibaba.

Ujenzi wa Reli ya Kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, ukafika Morogoro mwaka 1907, kisha ukaufuata mto uleule wa Mkondoa kupita Kilosa hadi Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Reli ilileta mlaji wa aina mpya. Mpagazi alinunua nafaka akapika; abiria wa treni hana chungu wala muda, anataka chakula kilichoiva. Hapo ndipo stesheni ilipogeuka kuwa soko la dakika chache, la ndizi, maandazi na mayai ya kuchemsha yanayopitishwa dirishani.

Mkonge ulileta mlaji wa tatu. Mashamba ya Kilosa, Kimamba na Rudewa yalihitaji mikono mingi kuliko iliyopatikana jirani, na vibarua wakaletwa kutoka mbali. Hao ndio manamba. Kuanzia mwaka 1944 shirika la wenye mashamba, SILABU, liliwakusanya kwa utaratibu maalumu kutoka mikoa ya mbali. Mshahara wa manamba ulikadiriwa kana kwamba ni mwanamume mseja. Familia yake ilitarajiwa kujilisha yenyewe kijijini, na yeye alilishwa kwa posho ambayo msingi wake ulikuwa unga wa mahindi. Mahindi, zao lililotoka Amerika, yalikuwepo kabla ya mkonge, pamoja na mtama na uwele. Lakini kambi za vibarua zilisaidia sana kuufanya ugali wa mahindi kuwa chakula cha mfanyakazi nchi nzima. Kile tunachokiita chakula chetu cha asili kina alama ya mkataba wa kazi.

Posho haikumtosheleza mtu. Ilikosa mboga, ilikosa kitoweo, na zaidi ilikosa mpishi. Pengo hilo lilizibwa na wanawake waliouza chakula na pombe kando ya kambi. Kazi yao haikuandikwa katika hesabu za shamba, lakini ndiyo iliyowezesha mshahara mdogo umtoshe mtu mpaka mwisho wa mwezi. Naomba msomaji aikumbuke hoja hii, kwa sababu haijabadilika. Kibarua wa ujenzi au utingo wa lori anayekula sahani ya bei nafuu leo analipiwa sehemu ya ujira wake na mwanamke aliyeamka usiku kuwasha moto.

Mikumi ilizaliwa na barabara. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964. Mwaka uliofuata walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru, Zambia ikahitaji njia ya kufikia bahari, na barabara kuu ya kwenda huko ikajengwa ikikatiza katikati ya hifadhi. Kwa takribani kilomita 50 msafiri hawezi kusimama kununua chochote. Anapotoka mbugani, mji wa Mikumi unamngoja. Sahani anayopewa ni ramani ya kusini: mchele wa bonde la Kilombero, maharage ya Mbeya, vitunguu vya Ruaha Mbuyuni, matembele au mlenda wa bustani za jirani.

Serikali imemtazama mpishi huyu kwa macho yanayobadilika. Operesheni Maduka ya mwaka 1976 ilishuku biashara ndogo ya mtu binafsi. Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983 ilianza kwa kuwasaka waliodhaniwa kuwa hawana kazi. Mwishoni mwa mwaka 2018 vilitolewa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000. Hata jina limebadilika: kutoka mama ntilie, ambalo ni sauti ya mteja anayenyoosha sahani, hadi mama lishe, jina linalotaja kazi yenyewe. Jina la heshima ni jambo jema, lakini halimpi mtu mahali pa kuweka jiko.

Na mahali ndipo penye mgogoro sasa. Mwaka 2024 treni ya umeme ilianza safari za Dar es Salaam, Morogoro na Dodoma, ikipita Kilosa. Ni mafanikio ya taifa, na sioni sababu ya kuililia treni ya zamani. Lakini madirisha yake hayafunguki, na stesheni zake hazikupangwa kwa ajili ya mwenye kapu kichwani. Barabarani nako, anayepika ndani ya hifadhi ya barabara anaweza kuamriwa kuondoka wakati wowote. Wakati huohuo anatakiwa aache mkaa na kutumia nishati safi, ambayo mtungi wake wa kwanza unazidi mtaji wake.

Afisa mipango anayesoma makala haya hahitaji kusubiri sera mpya. Mchoro wa stendi au stesheni unaweza kuwa na eneo la wapishi lenye maji, mifereji na paa, kama ulivyo na eneo la teksi. Mtaji wa mtungi wa gesi unaweza kupangwa katika mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambayo halmashauri hutenga kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mwanafunzi naye anayetafuta mada ya tasnifu aende Kilosa na Mikumi na daftari, awahoji wapishi wazee kabla hawajaondoka. Misafara, reli, mkonge na barabara vimeandikiwa vitabu. Waliovilisha bado hawajaandikiwa.