Baiti Arobaini na Nane: Historia ya Mtandao Usio na Zamu

Katika makala haya tunakusudia kueleza historia ya mtandao mmoja wa mawasiliano ambao, katika miaka ya 1990, wahandisi wengi wa Ulaya na Marekani waliutazamia kuwa mtandao wa mwisho: ule ambao ungebeba sauti za simu, picha za televisheni na data za kompyuta pamoja, katika uzi mmoja. Kwa kifupi waliuita ATM. Msomaji asiuchanganye na mashine ya kutolea pesa benki. Herufi ni zile zile, mambo ni mbalimbali. Jina lake kamili, likifasiriwa neno kwa neno, lingetupa “namna ya uhamishaji ya kiasinkronia”, maneno ambayo hayamwambii kitu hata msomi. Lakini Kiswahili kinalo neno linalofika kwenye kiini cha jambo lenyewe, nalo ni zamu.

Simu ya tarakimu ya zamani hufanya kazi kwa zamu. Sauti ya msemaji hupimwa mara 8,000 kwa sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa biti 8, yaani baiti 1. Hivyo simu moja yahitaji biti 64,000 kwa sekunde. Simu nyingi zikipita katika uzi mmoja, kila moja hupewa zamu yake, nayo zamu hiyo hurudi mara 8,000 kwa sekunde, awe msemaji anasema au amenyamaza. Mtambo hauna haja ya kuuliza baiti hii ni ya nani. Unajua kwa kutazama saa tu. Kwa sauti, utaratibu huu ni mwema. Kwa kompyuta ni hasara, maana kompyuta hunyamaza kwa muda mrefu, kisha hutaka kusema yote kwa mara moja.

Katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1980, huko Lannion, Ufaransa, katika maabara za CNET, kituo cha taifa cha utafiti wa mawasiliano, Jean-Pierre Coudreuse na wenzake walijaribu kuiondoa zamu hiyo katika mradi ulioitwa Prelude. Huko Marekani Jonathan Turner alikuwa akiliendea wazo la jamaa hiyo hiyo. Habari zote, za sauti na za data, hukatwa vipande vidogo vilivyo sawa kwa urefu, vinavyoitwa seli. Kila seli huvaa kichwa chenye namba ya mkondo wake, nayo huingia katika uzi wakati wowote nafasi inapopatikana. Aliye na mengi hupeleka seli nyingi. Aliyenyamaza hapeleki kitu. Mwaka 1988 CCITT, kamati ya Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano iliyoshughulikia viwango vya simu, iliukubali utaratibu huu kuwa msingi wa mtandao mpana wa siku za usoni.

Kwa nini vipande viwe vidogo? Fikiri daraja jembamba ambalo lori refu la makaa na mwendesha baiskeli aliyebeba barua ya haraka wote hawana budi kulivuka. Lori likitangulia, baiskeli itangoja. Pakiti moja ya kompyuta yenye baiti 1,500 huchukua karibu sehemu moja ya tano ya sekunde kupita katika njia ya biti 64,000 kwa sekunde, na sauti ya simu haiwezi kuvumilia kungoja huko. Lakini lori likifunguliwa na mzigo wake kupakiwa kwenye baiskeli, barua itapenya katikati yao.

Ndipo ukazuka ugomvi ambao, kwa maoni yetu, ndio moyo wa historia hii. Seli iwe na ukubwa gani hasa? Wamarekani, waliofikiria zaidi data, walitaka baiti 64 za mzigo, ili kichwa kisile sehemu kubwa ya njia. Ulaya, Ufaransa ikiwa mbele, ilitaka 32. Sababu yake ilikuwa mwangwi. Seli ya sauti haiondoki mpaka ijae, nayo hujazwa kwa kasi ya baiti 8,000 kwa sekunde: baiti 32 zinangoja milisekunde 4, baiti 64 zinangoja 8. Kila ucheleweshaji ukiongezeka, msemaji husikia sauti yake mwenyewe ikirudi kutoka upande wa pili, na dawa yake ni vifaa vya kufuta mwangwi. Kwa Marekani, ambayo simu zake husafiri zaidi ya kilomita 4,000 kutoka pwani hadi pwani, vifaa hivyo vilikuwapo tayari. Ufaransa ni nchi ndogo zaidi. Kwa seli za baiti 32 simu za ndani ya nchi zingeweza kuendelea bila gharama hiyo.

Mwaka 1989 kamati ilikata shauri: 48. Hakuna hesabu ya kihandisi iliyozaa namba hii. Ni nusu ya njia kati ya 32 na 64. Wamarekani hawakupata walichotaka, wala Wafaransa hawakunusurika na mwangwi. Kikiongezwa kichwa cha baiti 5, seli ikawa na baiti 53, namba ambayo haimpendezi mhandisi yeyote wa kompyuta.

Kichwa chenyewe kimepangwa kwa ubahili mkubwa. Katika biti zake 40, pale mteja anapokutana na mtandao, 4 ni za kuratibu mtiririko, 8 hutaja njia, 16 hutaja mkondo ulio ndani ya njia hiyo, 3 hueleza aina ya mzigo, 1 hutangaza kama seli yaweza kutupwa wakati wa msongamano, na 8 za mwisho hukagua makosa ya kichwa peke yake. Mzigo hauchunguzwi njiani, kwani nyuzi za kioo hukosea mara chache sana. Namba ya mkondo si anwani ya mpokeaji. Kabla ya seli ya kwanza kuondoka, mawasiliano huombwa na kukubaliwa, na kila swichi huandika katika jedwali lake: seli ikiingia hapa na namba hii, itoke pale na namba ile. Swichi hutazama, hubadilisha namba, hupitisha.

Mwaka 1991 makampuni kadhaa yaliunda ATM Forum, na watu wa kompyuta wakaingia kwa wingi katika jambo lililobuniwa na watu wa simu. Hapo ukubwa wa seli ukaanza kudai malipo yake. Pakiti ya baiti 1,500, pamoja na baiti 8 za mkia wake, hugawanyika katika seli 32. Swichi iliyoelemewa ikitupa seli 1 tu, pakiti nzima imeharibika. Lakini zile 31 zilizosalia huendelea na safari, zikisongamana na nyingine bure, na mwishowe hutupwa mlangoni pa mpokeaji. Kisha mtumaji hurudia zote 32. Allyn Romanow na Sally Floyd walichapisha dawa yake mwaka 1995: foleni ikikaribia kujaa, swichi iikatae pakiti nzima tangu seli yake ya kwanza. Dawa ilifaa, ila tazama maana yake: mtambo ulioundwa usijue pakiti ni nini ulilazimika kufundishwa kuzitambua.

Pigo kubwa zaidi lilikuja kimyakimya. Njia ziliongeza kasi. Ile pakiti ya baiti 1,500 hupita kwa mikrosekunde 12 tu katika njia ya biti bilioni 1 kwa sekunde, kasi ambayo Ethernet ilisanifiwa kwayo mwaka 1998. Daraja lilipopanuliwa hivi, lori halikumzuia tena mtu yeyote. Sababu ya kukata vipande ikatoweka, lakini gharama yake ikabaki: baiti 5 katika kila 53, na kazi ya kukata na kuunganisha seli zaidi ya milioni 2 kwa kila sekunde katika njia hiyo.

Wazo la kubadilisha namba katika kila kituo halikutupwa. IETF, kundi linaloandika itifaki za intaneti, ililichukua na kuliweka kwenye pakiti ndefu, na mwaka 2001 likatangazwa kwa jina la MPLS. ATM Forum yenyewe iliunganishwa na chama cha MPLS mwaka 2005.

Seli nazo ziliishi kwa muda mahali pasipotazamiwa, katika waya za shaba za ADSL. Mteja wa Ufaransa aliyepanga modemu yake mara nyingi aliambiwa aandike namba 8 na 35, na yule wa Uingereza 0 na 38. Ya kwanza ni njia, ya pili ni mkondo. Wateja walipoanza kupiga simu kupitia intaneti, kwa kawaida kila pakiti ya sauti ilibeba milisekunde 20 za maneno, mara mbili na nusu ya zile 8 ambazo Ulaya ilizikataa. Vifaa vya kufuta mwangwi vilikuwa vimeingizwa katika kisanduku kile kile cha nyumbani.