Chenga

Mchele wa bonde la Ruzizi ukipepetwa hapa Uvira, punje nzima hubaki juu ya ungo na vipande vilivyovunjika hutengwa. Vipande hivyo ni chenga. Mchezaji anayemhadaa beki naye hupiga chenga, na runinga isiyoshika mawimbi huonyesha chenga tupu.

Maana zote tatu zilinijia jioni moja ukumbini, kwenye mechi ya basketi chini ya taa hafifu. Binti mmoja aliinama kulia, akapita kushoto. Kwa kasi ya 1/60 ya sekunde kwenye kamera yangu, mkono wake ulitoka pichani kama moshi. Nikapandisha hadi 1/500, na iso, yaani wepesi wa kamera kwa nuru, hadi 6400. Sasa vidole vilionekana kimoja kimoja juu ya mpira, lakini ukuta wa nyuma ulijaa vitone vyekundu na vya kijani.

Wengine huviita “kelele”. Mimi nashikilia chenga, maana nuru yenyewe huingia kamerani punje kwa punje. Zikiwa chache, hesabu yake huyumba, na iso ikipandishwa hukuza picha pamoja na huo myumbo. Dawa ya kwanza ni lenzi: tundu la f/1.8 hupitisha nuru karibu mara kumi ya f/5.6.

Kuzifuta zote kwa kompyuta sikubali. Nilijaribu kwa picha ile ya binti: ukuta ukatakata, na jasho la kwenye paji la uso wake likatoweka. Nikairudisha ilivyokuwa.