Uwajibikaji na Lugha ya Kubagua: Istilahi Moja katika Midahalo ya Shule za Kigoma

Uwajibikaji ni istilahi inayotaja hali ya mtu kukubali kuulizwa juu ya alilolitenda, kulieleza, na kubeba matokeo yake. Nchini Tanzania istilahi hii imesikika zaidi katika habari za fedha za umma na vyeo vya serikali kuliko katika habari za darasani, na pengine ndiyo sababu wanafunzi wa sekondari, wanapofanya mdahalo kuhusu ubaguzi na lugha ya kuudhi, huweza kuitumia katika pande zote mbili, ule unaounga mkono mada na ule unaoipinga, huku kila upande ukiwa na maana yake.

Asili ya neno ni Kiarabu, ambamo wajibu ni jambo lisiloepukika, nalo jibu lina mzizi mwingine kabisa, ule uliozaa jawabu. Hata hivyo, sikio la Mswahili husikia jibu ndani ya kuwajibika, na ingawa wataalamu wa asili ya maneno hawana budi kulikataa hilo, ni kosa lenye manufaa, kwa kuwa mtu aliyewajibika bila kumjibu yeyote amefanya nusu tu ya kazi. Kiingereza, kwa upande wake, kilijenga istilahi yake juu ya dhana ya kutoa hesabu.

Utata mkubwa hautokani na mzizi, bali unatokana na mnyambuliko. Kuwajibika ni tendo la mtu mwenyewe, ilhali kuwajibishwa ni tendo analofanyiwa. Katika siasa ya Tanzania kitenzi cha kwanza kimefinyika hata kikakaribia kumaanisha kujiuzulu, na mfano unaotajwa mara nyingi ni wa Ali Hassan Mwinyi, aliyeacha uwaziri wa mambo ya ndani katika miaka ya 1970 kwa sababu ya vifo vya watu waliokuwa mikononi mwa vyombo vilivyokuwa chini yake, ingawa si yeye aliyewadhuru. Watu wa Kigoma walilisikia neno hilo tena kwa karibu mwaka 2014, wakati Zitto Kabwe, aliyekuwa mbunge wa Kigoma Kaskazini, alipoiongoza Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali katika sakata la fedha zilizotolewa kwenye akaunti ya Escrow, ambalo lilimfanya Mwanasheria Mkuu wa Serikali ajiuzulu mwezi Desemba mwaka huo. Mwanafunzi, lakini, hana cheo cha kukiacha, hivyo maana hii ya kisiasa haimfai.

Istilahi ya pili inayohitaji uangalifu ni ubaguzi wa rangi. Katika eneo la Mwanga, lililo kati ya mji wa Kigoma na Ujiji, na katika mwambao wote wa Ziwa Tanganyika ambako Waha, Wamanyema, Wabembe na wengine wameishi pamoja kwa vizazi, mwanafunzi anaweza kusema kwa unyofu kwamba hajambagua mtu kwa rangi, kwa sababu wote darasani ni weusi, na bado akawa amebagua. Ujiji ya karne ya 19, iliyokuwa kituo cha misafara ya pembe na watumwa, iliwagawa watu kwa maneno mawili, waungwana na washenzi, na mgawanyo huo haukutegemea rangi ya ngozi peke yake, kwani wengi waliojiita waungwana walikuwa wenyeji wa bara waliopokea dini, mavazi na lugha ya pwani. Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, katika ibara ya 13, haiishii kwenye rangi: inataja pia utaifa, kabila, mahali mtu alipotokea, dini, jinsia na hali ya maisha, na kipimo chake ni kama watu wa aina fulani wanahesabiwa kuwa duni. Kwa mdahalo wa Kigoma, neno ubaguzi lisilofungwa na rangi ndilo sahihi zaidi.

Hapo ndipo lugha ya kuudhi inapotengana na matusi. Tusi hujulikana kwa neno lenyewe, na kanuni za shule hulikataza kwa urahisi, lakini Mrundi, Mkongo na mkimbizi si matusi. Ni majina halali ya watu na ya hali yao. Yakitupwa kwa mwanafunzi Muha ambaye lafudhi yake imekaribiana na ya Kirundi, kama Kiha chenyewe kilivyokaribiana nacho, hubeba shutuma kwamba hana haki ya kuwa pale alipo, na shutuma hiyo ni nzito katika mkoa uliopokea wakimbizi wa Burundi mwaka 1972 na 1993, na wa Kongo waliofunguliwa kambi ya Nyarugusu mwaka 1996. Anayejitetea kwamba alikuwa akitania husahau kwamba utani una pande mbili zinazotambuana, na kila upande una ruhusa ya kurudisha.

Kwa hiyo uwajibikaji wa mwanafunzi aliyetamka neno la namna hiyo unahitaji mambo matatu ambayo mzungumzaji wa mdahalo hana budi kuyataja: kukiri kilichosemwa, kumsikiliza aliyesemwa, na kurekebisha mbele ya wale wale waliosikia. Adhabu ya shule haifiki huko: kanuni za adhabu ya viboko, zinazoruhusu viboko visivyozidi vinne kwa idhini ya mkuu wa shule, zinaagiza kuandikwa kitabuni jina la mwanafunzi, kosa lake, idadi ya viboko na jina la mwalimu aliyechapa. Jina la aliyeudhiwa haliulizwi. Utaratibu huo ni kuadhibu, na ukipenda ni kuwajibisha. Kuuita uwajibikaji ni kuitumia istilahi pasipo mahali pake.