Kaptura, longi na ugomvi wa magoti

Mzee aliyekulia enzi za ukoloni akimwona mwanamume mwenye mke na watoto akielekea dukani kwa kaptura na ndara, aghalabu huuliza: huyu naye atakua lini? Vijana hucheka, wakasema eti wazee wana ushamba. Sidhani. Swali hilo lina historia, na ufunguo wake umo katika neno fupi la Kiswahili: boi.

Neno hilo tulilitohoa kutoka Kiingereza, ambako maana yake ni mtoto wa kiume. Kwetu likawa jina la mtumishi wa nyumbani. Mwanamume aliyempikia Mzungu au kumfulia nguo aliitwa boi hata kama ana wajukuu. Jina hilo liliandamana na vazi. Wa kuandaa meza alivishwa kanzu nyeupe. Wa bustanini, yule shamba boi, mara nyingi alipewa kaptura. Askari wa King's African Rifles, jeshi lililoundwa mwaka wa 1902, naye alivalia kaptura ya kaki. Mvulana wa shule ya msingi vilevile. Longi alikuja kuijua baadaye, akibahatika kufika shule ya upili.

Mtoto, mtumishi na askari wa cheo cha chini: wote watatu ni watu wa kuamrishwa. Ndiyo sababu mtu alipopata mshahara wa kwanza akanunua longi, hakuwa akinunua kitambaa tu. Alikuwa akinunua utu uzima ambao mwajiri wake alimnyima kila alipomwita.

Hapa pana kioja. Walowezi na maafisa wa kikoloni wenyewe walipenda kaptura sana! Ila Mzungu aliivaa kwa sababu ya joto, na jioni akaivua akavaa suti. Kwake ilikuwa starehe. Kwa mwajiriwa wake ilikuwa sare.

Wala si kweli kwamba wazee huchukia mavazi ya starehe. Nenda Lamu au Mji wa Kale, Mombasa, alasiri, uwaone wazee barazani kwa vikoi na fulana. Nani atasema wamejifanya watoto? Kinachowaudhi si ulegevu wa vazi bali magoti yaliyo wazi, na yale ambayo magoti hayo huwakumbusha. Hata Bunge letu halijautua mzigo huu: Novemba 2023 Spika Moses Wetang'ula aliipiga marufuku suti ya Kaunda humo ndani. Vazi lenye jina la mpigania uhuru wa Zambia likafungiwa mlango, tai ya mkoloni ikabaki shingoni.

Kuhusu gemu za video, hata hivyo, wazee hawana hoja nzito. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na fundi wake hupiga hesabu ya mitaji mingi kabla ya kuinua mkono. Vizazi na vizazi vya wanaume wa pwani wamelichezea vibarazani hadi adhana ya magharibi, na fundi akaheshimika mtaa mzima. PlayStation ilitoka Japani mwishoni mwa 1994. Aliyekuwa na miaka kumi wakati huo sasa amepita arubaini, na amekua na mchezo wake kama babu alivyokua na bao. Kitenzi chetu ni kimoja: hucheza bao, hucheza karata, hucheza gemu. Lugha haikuweka mpaka wa umri hapo. Tumeuweka sisi, labda kwa kuwa bao huchezewa hadharani, watazamaji wakishangilia, ilhali gemu huchezewa chumbani, mlango umefungwa.

Ninachowalaumia vijana ni kingine. Kaptura wameitakasa. Wameivua sare, wakaifanya vazi la Jumamosi, na sioni ubaya. Neno boi, hata hivyo, wameliacha lilivyokuwa. Barobaro huyohuyo, kaptura kiunoni na kidhibiti cha gemu mkononi, atamwelekeza mgeni kwa simu: "Bisha tu, shamba boi atakufungulia." Anayekuja kufungua ana mvi kichwa kizima na amevaa longi, na Kiswahili kina mtunza bustani, kina mzee, kina hata jina lake alilopewa na wazazi.