Jina Lililoanza na 'Nawaambia'

Nilikulia Bondeni, Nakuru. Shuleni nilisoma kuhusu Wakalenjin, nikadhani jina hilo ni la kale kama ziwa letu. Kumbe hata babu yangu alikuwa mkubwa kuliko jina lenyewe!

Wakoloni walikuwa na majina yao. Wakipsigis waliwaita Lumbwa, jina walilolitoa kwa Wamaasai. Hata stesheni ya reli iliitwa hivyo. Leo ni Kipkelion. Kwa jumla, jamii hizi ziliandikwa tu kuwa 'wasemao Kinandi'. Sasa Mtugen akubali vipi kuitwa kwa jina la jirani yake?

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mtangazaji John Chemallan alikuwa akirudia redioni neno 'kalenjok', yaani nawaambia. Wanafunzi wa Alliance High School nao wakajiita Kalenjin: nakwambia. Mwaka 1948 chama chenye jina hilo kikaundwa Eldoret. Wanandi, Wakipsigis, Watugen, Wakeiyo, Wamarakwet, Wapokot na Wasabaot wakapata jina walilojichagulia, na sauti katika siasa.

Lakini Januari 2008, Nakuru ilipowaka, kabila likawa swali la barabarani. Ukijibu Kalenjin, au Kikuyu, au Luo, jibu lenyewe lingeweza kukuua.

Ndiyo maana nawasimulia vijana wa mtaani mwanzo wa jina hili. Lilianza kama mtu anayetaka kusikilizwa. Na huwezi kusema 'nakwambia' kama hakuna mwenzio wa kukusikia.