Edwina Booth na homa waliyoijua wazee wa Rungwe

Mwaka 1891, wamisionari wa kwanza wa Moravian walipokuwa njiani kuja Rungwe, mmoja wao, Georg Martin, hakufika. Homa ilimuua huko Kararamuka. Baadaye serikali ya Wajerumani nayo ilikiacha kituo chake cha Langenburg, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, ikapanda kwenye baridi ya Tukuyu, zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hata leo mkazi wa Kinyala anayeshuka Kyela anajua kwamba kule chini chandarua si pambo.

Nayakumbuka hayo kila ninaposoma habari za Edwina Booth, nyota wa Hollywood ambaye ugonjwa wake umesimuliwa miaka mingi kana kwamba ulikuwa laana ya pori la Afrika.

Alizaliwa Provo, jimbo la Utah, Septemba 1904, na wazazi wake wakamwita Josephine Constance Woodruff. Mwanzoni alipewa sehemu ndogondogo tu, mojawapo katika Manhattan Cocktail ya mwaka 1928. Kisha kampuni ya MGM ikamchagua awe Nina katika Trader Horn, sinema iliyotokana na kitabu cha mfanyabiashara Alfred Aloysius Horn. Nina ni binti wa mmisionari aliyepotea utotoni, akakua miongoni mwa Waafrika wanaomwabudu. Ni hadithi ya kikoloni kabisa, na sina la kuitetea.

Mwaka 1929 kundi la mwongozaji W. S. Van Dyke liliingia Afrika Mashariki, likazunguka kwa miezi Kenya, Uganda, Tanganyika na Kongo ya Wabelgiji. Picha zilipigwa hadi kwenye Maporomoko ya Murchison, mto Nile. Ukiitazama sinema hiyo leo, mwangalie Edwina na wenzake wanaopita nyikani pamoja. Harry Carey, aliyeigiza Horn, na Duncan Renaldo, aliyeigiza Peru, wana nguo za safari. Binti wa watu ana manyoya machache mwilini, nywele ndefu za rangi ya dhahabu, mikono na miguu wazi juani na kwa mbu.

Aliugua malaria. Alirudi Marekani akiwa hoi, na hata hivyo kazi ikaendelea, kwa sababu sauti ilikuwa imeingia kwenye sinema na sehemu kadhaa zilibidi zipigwe upya huko. Trader Horn ilitoka 1931, ikavuta watazamaji wengi na kushindania Oscar ya filamu bora. Edwina alicheza nyingine chache, ikiwamo The Last of the Mohicans ya 1932 akiwa tena na Carey, kisha mwili ukakataa. Akalala kitandani kwa miaka.

Aliishtaki MGM akidai zaidi ya dola milioni 1, na shauri likamalizwa nje ya mahakama. Mimi naona alikuwa na haki. Kwinini ilikuwapo tangu zamani. Kwamba malaria huenezwa na mbu kulithibitishwa kabla karne ya 20 haijaanza. Maofisa wa Langenburg walihama ziwani miaka kama 30 kabla ya safari ile, na studio yenye mali kama MGM ingeweza kuuliza. Kumvua msichana nguo pale ambapo kila mgeni alifundishwa kujifunika ni uamuzi wa watu, na uamuzi huo una wenyewe.

Kuna mwingine anayesahaulika. Mkenya Mutia Omoolu aliigiza Renchero, mbeba bunduki wa Horn, na kifo cha Renchero ndicho kinachonigusa kuliko yote katika sinema ile. Studio ilimsafirisha hadi Hollywood kumalizia kazi. Miongoni mwa Waafrika Mashariki waliowahi kuonekana kwenye sinema kubwa za Marekani, yeye ni wa mwanzo kabisa, na anastahili kutajwa shuleni kwetu.

Huko Marekani uvumi ulienea kwamba Edwina alikufa kwa homa ya Afrika. Hakufa. Aliachana na kamera, akaolewa, akatumikia kanisa lake la Wamormoni katika hekalu la Los Angeles. Van Dyke alifariki 1943, Carey 1947, Renaldo 1980. Edwina alifariki 18 Mei 1991 huko California, akiwa na miaka 86.