Injini ya mvuke ni shahidi: Namna ya kuzitambua katika filamu kongwe za reli

FILAMU kongwe za gwaride, sherehe za reli na ziara za wakuu wa serikali aghalabu huonyesha injini za mvuke zikipita taratibu mbele ya umati. Mara nyingi filamu hizo hazina maelezo, au maelezo yake yaliandikwa miaka mingi baadaye na mtu ambaye hakuwapo.

Hili si jambo dogo. Picha iliyobandikwa mwaka usio wake huingia katika vitabu na vipindi vya televisheni, kisha kizazi kinachofuata huipokea kama ushahidi wa historia.

Chukua mfano wa picha inayodaiwa kuwa ya Aprili 1954, wakati wa Operesheni Anvil, ambapo maelfu ya wakazi wa Nairobi walikamatwa na wengi wao kupelekwa katika kambi za Manyani na Mackinnon Road zilizo kando ya reli. Ikiwa injini iliyo pichani ni ya daraja la 59, dai hilo haliwezi kusimama. Injini za daraja hilo zilianza kuundwa mwaka wa 1955.

Ndiyo maana anayetaka kujua ukweli wa filamu ya reli hana budi kuihoji injini yenyewe. Yafuatayo ni mambo ya kuangaliwa, yakipangwa kwa utaratibu unaofaa kufuatwa.

Herufi za ubavuni

Anza na herufi zilizoandikwa ubavuni mwa injini au kwenye tenda, yaani kigari cha nyuma kinachobeba maji na kuni, makaa au mafuta.

Ujenzi wa Reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka wa 1896. Reli ilifika Nairobi mwaka wa 1899 na Kisumu, wakati huo ikiitwa Port Florence, mwaka wa 1901. Herufi za enzi hiyo ni U.R.

Mwaka wa 1926 shirika lilipewa jina la Reli ya Kenya na Uganda, na herufi zikawa K.U.R. Mwaka wa 1948 liliunganishwa na reli ya Tanganyika, na hapo ndipo zilipoanza herufi E.A.R. za Reli ya Afrika Mashariki. Jumuiya ya Afrika Mashariki iliposambaratika mwaka wa 1977, kila nchi ilibaki na shirika lake.

Kwa hivyo herufi peke yake huweza kuiweka filamu katika kipindi cha miaka ishirini au thelathini.

Nambari

Nambari za E.A.R. zilikuwa na mpango rahisi. Tarakimu mbili za kwanza zilionyesha daraja la injini, na mbili za mwisho zilionyesha ni ya ngapi katika daraja hilo. Injini nambari 5918, mathalani, ni ya 18 katika daraja la 59.

Injini zilizorithiwa kutoka K.U.R. zilipewa nambari mpya kwa mpango huu. Kwa sababu hiyo, injini moja huweza kuonekana katika filamu mbili ikiwa na nambari mbili tofauti, na mtazamaji asiyejua akadhani ni injini mbili.

Kuhesabu magurudumu

Nambari isiposomeka, hesabu magurudumu. Wataalamu huyataja kwa mafungu matatu: magurudumu madogo ya mbele, makubwa yanayosukumwa na mvuke, kisha madogo ya nyuma. Injini ya 2-8-2 ina mawili mbele, manane makubwa katikati na mawili nyuma. Katika filamu utaona upande mmoja tu, kwa hivyo hesabu yako itakuwa nusu: moja, manne, moja.

Daraja la 24 ni la 4-8-0, yaani halina gurudumu lolote dogo nyuma. Daraja la 29 ni la 2-8-2. Madaraja ya 30 na 31 ni ya 2-8-4, na tofauti yao na la 29 ni ile ekseli moja ya ziada chini ya kibanda cha dereva.

Garratt

Ukiona injini ndefu isiyo ya kawaida, yenye boila kubwa iliyoning'inia katikati ya sehemu mbili za magurudumu, moja mbele na nyingine nyuma, hiyo ni Garratt. Jina hilo linatokana na Mwingereza Herbert William Garratt aliyeibuni, na ziliundwa zaidi na kiwanda cha Beyer Peacock cha Manchester.

Muundo huo uliifaa sana reli yetu. Njia yenye upana wa mita moja ilipanda kutoka pwani hadi nyanda za juu kupitia kona nyingi na miinuko mikali. Garratt iliweza kujipinda kwenye kona, huku uzito wake ukigawanywa kwenye ekseli nyingi ili reli isielemewe.

Garratt za kwanza zilifika hapa mwaka wa 1926. Basi filamu yoyote yenye Garratt inayodaiwa kuonyesha garimoshi la kwanza kuingia Kisumu ina kosa la miaka isiyopungua 25.

Mwaka wa 1939 zilianza kuja Garratt za 4-8-4+4-8-4, ambazo baadaye ziliitwa daraja la 57. Hizi utazihesabia magurudumu 16 kwa upande mmoja. Daraja la 58 lenye mpangilio uo huo lilifuata mwaka wa 1949.

Madaraja ya 59 na 60 yana mpangilio wa 4-8-2+2-8-4, yaani magurudumu 14 kwa upande. Hata hivyo, ukubwa wao hautofautiani kidogo. Injini ya daraja la 59 ina urefu wa karibu mita 32 na uzito wa tani 252, na ndiyo iliyokuwa injini ya mvuke yenye nguvu zaidi duniani katika reli za upana wa mita moja. Ziliundwa 34 kati ya 1955 na 1956, na zilihudumu hasa kati ya Mombasa na Nairobi.

Vibao vya majina

Majina nayo ni ushahidi mzito. Injini za daraja la 59 zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki, zile za 29, 30 na 31 majina ya makabila, na zile za daraja la 60, zilizoundwa mwaka wa 1953 na 1954, majina ya magavana wa kikoloni.

Baada ya uhuru, vibao vya magavana viliondolewa. Hivyo basi, injini ya daraja la 60 inayoonekana ikiwa na kibao cha gavana inaelekeza kwenye miaka kumi hivi tu, kuanzia 1953.

Tahadhari moja: katika sherehe injini hupambwa kwa bendera na maua, na mapambo hayo huweza kufunika kibao na nambari pia. Subiri injini ipite, kisha utazame nyuma yake.

Dohani

Itazame pia dohani. Dohani ya kawaida ni ya mviringo. Lakini E.A.R. ilifunga katika injini zake nyingi kifaa cha mhandisi wa Austria, Adolph Giesl-Gieslingen, kilichopunguza matumizi ya mafuta. Dohani yake ni bapa: ukiitazama kutoka mbele ni nyembamba, na kutoka ubavuni ni pana.

Injini ya daraja la 59 yenye dohani ya mviringo, kwa hivyo, ilipigwa picha mapema katika maisha yake, kabla ya kufungwa kifaa hicho.

Mitego ya filamu

Filamu za mwanzo za rangi nyeusi na nyeupe hazikuinasa rangi nyekundu ipasavyo. Injini nyekundu ilionekana nyeusi, basi usitegemee rangi. Mikanda mingine hunakiliwa kinyume, kushoto kukawa kulia; herufi zilizogeuka zitakufichulia hilo.

Kumbuka vilevile kwamba injini hukwambia mwaka ambao filamu haiwezi kuutangulia. Haikwambii mwaka wa mwisho. Injini za daraja la 24 zilianza kuundwa mwaka wa 1923 na bado zilikuwa zikifanya kazi katika miaka ya 1970. Ili kuupata mwaka wa mwisho, tafuta ishara nyingine katika fremu: bendera, magari, mavazi, majengo ya stesheni. Ikiwa kando yake kuna dizeli kubwa ya njia kuu, filamu haikutangulia 1960.

Pa kulinganisha

Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka wa 1971, yamehifadhi injini kadhaa zilizotajwa hapa, zikiwemo 5918 Mount Gelai na 2921 Masai of Kenya. Humo pia limo behewa ambamo afisa wa polisi Charles Ryall aliuawa na simba katika stesheni ya Kima mwezi Juni mwaka wa 1900.

Anayezunguka injini hizo na kuzihesabia magurudumu kwa kidole hatatatizika tena aonapo filamu.

Katika filamu hizo wamo madereva, wachochea moto, wapiga ishara na mafundi wa karakana, wengi wao wasiotajwa popote. Familia inayojua kwamba babu yao aliajiriwa mwaka wa 1956 na kufanya kazi katika injini za daraja la 59 inaweza kumtafuta mahali panapostahili, mradi tarehe ya filamu iwe sahihi. Ikiwa tarehe ni ya uongo, watamtafuta mahali ambapo hakuwahi kuwapo.